Cheti cha Ndege Moja

Mbele ya kiti cha abiria kuna kibao kidogo cha bati chenye maandishi. Kinamwambia anayekaa pale kwamba ndege hii imeundwa na mtu binafsi, si kiwanda, na kwamba haikidhi kanuni za usalama za serikali zinazohusu ndege za kawaida. Sheria ya Marekani inataka kibao hicho kiwe mahali ambapo macho ya abiria hayawezi kukikwepa. Hakifichwi nyuma ya kiti wala chini ya zulia. Na pale unapokanyaga kuingia, kuna neno moja kwa herufi kubwa lenye maana ya "ya majaribio".

"Soma kwanza," mwenye ndege aliniambia. "Kisha useme kama bado unataka kwenda."

Nilisoma. Nimepanda daladala nyingi za Dar es Salaam zilizostahili kibao kama hicho na hazikuwa nacho, kwa hiyo hatari yenyewe haikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kuambiwa mapema, kwa maandishi, na mtu ambaye angeweza kunyamaza.

Mwenye ndege ni mzee wa miaka 74, mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma na mbao katika sekondari ya mji mdogo mashariki mwa Iowa. Mimi nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili, elimu ya ufundi. Yeye na mkewe ndio familia yangu ya wenyeji: chuo hutuunganisha wanafunzi wa kigeni na watu wa pale ili sikukuu zisitukute peke yetu bwenini na pakiti ya tambi. Mimi namwita Mzee. Nilimweleza heshima iliyomo katika neno hilo, akalipenda mno, na tangu hapo hata mkewe humwita hivyo anapotaka atoe takataka.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwao walinilisha bata mzinga, kisha Mzee akanipeleka kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, ambako mabanda ya kuhifadhia ndege yamepangwa mstari kama ya kuku. Nilitarajia kuona kitu cha mbao na turubai. Nilikuta ndege ya bati la aluminiamu, nyeupe yenye mstari wa buluu, viti viwili ubavu kwa ubavu, propela mbele na kigurudumu kidogo chini ya mkia. Ni aina ya RV-6, ya kampuni ya Van's Aircraft iliyoko Oregon. Kampuni hiyo inakuuzia michoro na vipande. Jasho ni lako. Ndege zao zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Mzee aliagiza sanduku la kwanza, la mkia, mwaka 1996. Ndege iliruka mwaka 2007. Katikati ya miaka hiyo iliishi gereji, na magari ya familia yakalala nje kwenye theluji.

Nilipitisha kiganja juu ya bawa. "Ribiti," nikasema kwa Kiswahili bila kukusudia.

Baba yangu ni fundi bati Gerezani. Mtu wa Dar ameshaelewa. Kwa wengine: ni upande wa Kariakoo ambako, kabla hujafika kituo cha mwendokasi, unasikia nyundo. Pale hutengenezwa majiko ya mkaa, makarai, mifereji ya maji ya mvua, na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Baba ni wa masanduku. Tranka niliyokwenda nayo kidato cha kwanza ilitoka mkononi mwake, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshasaidia mengi kuzaliwa, maana mkono wa mtoto huingia kwenye pembe ambayo mkono wa mtu mzima hauingii. Kazi yangu ilikuwa kushikilia chuma. Fundi anapiga nyundo upande wa nje. Wewe ndani umekibana kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti ili mkia wake upondeke na kuwa kitufe. Ukilegeza, ribiti inapinda. Ukisogea, unaacha kovu kwenye bati ambalo mteja ataliona kabla ya kitu kingine chochote. Mkono unakufa ganzi mpaka begani, na masikio yanavuma hadi wakati wa kulala.

Mke wa Mzee aliposikia habari hiyo alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Naye alikuwa mshika chuma. Usiku baada ya usiku, kipupwe mbili mfululizo, alijibana ndani ya kiwiliwili cha ndege na kipande cha chuma mkononi huku mumewe akipiga kwa nyundo ya upepo upande wa nje. "Ndoa yetu imo humu," alisema akigonga mkia kwa ukucha. Tulinyoosheana viganja, mimi na bibi wa miaka 71, tukaonyeshana mahali maumivu yalipokuwa yakianzia. Ni palepale, kwenye shina la kidole gumba.

Nilimtumia baba picha. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nyundo zikiendelea. Hakuuliza habari za baridi wala masomo. "Vichwa vya ribiti viko wapi?"

Swali zuri. Ribiti za sanduku zina vichwa vya mviringo vinavyotokeza. Za bawa hili zimezama kabisa: kila tundu hubonyezwa kwanza liwe kama kisahani, kichwa kikakaa ndani, na bati likabaki laini ili upepo upite bila kukwaruzwa. Nilimweleza baba hivyo. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatuma picha ya kona ya sanduku lenye ribiti sita zilizozama. Hazikuzama kwa usawa. Lakini zilizama.

*

Utafiti wangu unahusu vyeti. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, ambao hawakuwahi kukaa darasani, na kuwapa cheti wanachostahili. Nataka kujua nani hujitokeza kupimwa, nani hajitokezi, na kwa nini. Kwenye andiko la pendekezo la utafiti nilitoa sababu za kitaaluma kurasa tatu. Sababu yenyewe ni baba.

Kuna shule moja ya bweni aliyoiuzia masanduku kwa miaka mingi. Mwaka mmoja fomu ya zabuni ilikuja na mstari mpya: mzabuni aambatishe cheti cha fundi. Baba alibeba sanduku kichwani, akaenda nalo hadi ofisini, akaliweka juu ya meza ya mhasibu. Waliliangalia, wakalisifu, wakamwambia bado wanahitaji cheti. Kazi ilikwenda kwa mfanyabiashara aliyeleta masanduku ya plastiki. Nilipomwambia baba kwamba upo utaratibu wa kupimwa, alinitazama kama niliyemwambia akarudie jando. "Nipimwe na nani? Na kijana niliyemfundisha mimi kushika mkasi?" Hatukulizungumzia tena.

Kwa hiyo nilipomwona Mzee akitoa kwenye pochi yake kadi ndogo ya serikali, karibu na leseni ya udereva, nilitega masikio. Kadi inamtaja kuwa fundi. Fundi wa nini? Wa ndege moja tu duniani, hii, yenye namba yake imeandikwa palepale. Anaruhusiwa kuikagua kila mwaka na kutia saini kwamba iko salama kuruka. Ndege ya jirani, hata iwe ya aina ileile na rangi ileile, saini yake haifai kitu.

Kuipata, alisema, kulikuwa hivi. Sheria inakuruhusu kujiundia ndege ikiwa zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu binafsi kwa ajili ya elimu yao au burudani. Maneno hayo mawili yamo kabisa kwenye sheria: elimu au burudani. Unapomaliza, mkaguzi anakuja. Anaangalia ndege, ila ndege imeshafungwa, na mengi ya maana yamefichwa ndani ya bati. Basi anataka kumbukumbu zako. "Hakuniuliza nimesoma wapi," Mzee alisema. "Aliniuliza: picha ya ndani ya bawa la kushoto, kabla hujalifunga, iko wapi?" Akishatosheka, unapewa ruhusa ya kurusha ndege katika eneo maalumu, mbali na watu, kwa saa kadhaa za majaribio, 25 au 40 kutegemea injini na propela uliyofunga. Kibao cha bati kinawekwa. Abiria wanakuja baadaye.

Kumbukumbu za Mzee ni majalada manne manene. Nilikaa nayo mezani kwao Jumamosi nzima. Kila siku ya kazi ina mstari: tarehe, saa ngapi, nini kilifanyika. Kuna Jumanne ya mwaka 1999 iliyoandikwa kwamba ametoboa vibaya bati la usukani wa mkia, ameliondoa, ameagiza lingine. Picha ya lile bati bovu ipo, limewekewa duara kwa kalamu nyekundu.

Nilisema moyoni, huyu mtu amejipima mwenyewe kwa miaka kumi na moja, mkaguzi alikuja kusaini tu.

Sitaki kulipamba jambo hili. Injini ya ndege kama ile, ikiwa mpya, bei yake ingejenga nyumba Chanika na chenji ya kuchimba kisima. Mzee alikuwa na mshahara wa ualimu, gereji, umeme usiokatika na duka lililomtumia kwa posta ribiti za uzito anaoutaka. Kwetu, kila baada ya miaka michache hutokea gazetini picha ya kijana aliyejiundia ndege au helikopta uani kwao kwa mabomba na injini ya pikipiki. Tunaisambaza kwenye simu, tunacheka. Isiporuka, ni kichekesho. Ikielekea kuruka, ni kesi. Sisemi aruhusiwe kuruka juu ya paa za watu. Nasema hakuna anayemwendea kumuuliza picha ya ndani ya bawa iko wapi, na swali hilo halihitaji dola hata moja.

*

Kila Julai, wiki ya mwisho, watu wa ndege hizi huelekea Oshkosh, mji wa Wisconsin kando ya ziwa Winnebago. Mzee amekwenda mara nyingi. Safari hii ilikuwa ya mwisho akiwa rubani, kwa sababu alikuwa anauza. Daktari hakuwa amemkataza. Ni magoti, kupanda juu ya bawa kulimchukua majaribio mawili. "Nataka kuacha kabla sijaambiwa niache," alisema. Mkewe, ambaye kiti cha kulia ni chake, alisema amekwishalala hemani chini ya bawa vya kutosha katika maisha haya, na kwamba angekuja kwa gari na kulala hotelini kama binadamu. Kiti kikawa changu.

Mama nilimwambia nitapanda ndege ndogo. Akauliza ndogo kiasi gani. Nikasema kama bajaji yenye mabawa. Akasema ataomba.

Mimi ni mtu wa takwimu, kwa hiyo nilisoma. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa utafiti mwaka 2012 kuhusu ndege za kujiundia. Kwa mwaka 2011 zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini zilibeba asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Nilimpelekea Mzee karatasi hiyo nikidhani namletea habari. Alikuwa nayo, imepigiwa mistari. Alinionyesha sehemu niliyoipita haraka: ajali nyingi hutokea mwanzoni kabisa mwa maisha ya ndege, au mara tu mtu mwingine anapoinunua. Mnunuzi hajui tabia zake. Hajui ni sauti ipi ya kawaida.

Tuliondoka alfajiri. Alinipima kwa mizani, mimi na begi langu, akaandika kilo kwenye karatasi na kukokotoa mizigo ikae wapi. Kifuniko cha kioo kikafungwa juu yetu. Ndege ilikimbia kidogo tu, chini ya umbali wa kutoka kituo kimoja cha daladala hadi kingine, na ardhi ikaondoka.

Kuhusu anga nitasema machache, maana kila mtu aliyewahi kupanda ndege ana maneno yake. Nilichokiona ni mahindi. Mahindi, ghala, kanisa, mahindi. Tukauvuka mto Mississippi ukiwa umelala kwenye ukungu, mpana, wenye visiwa. Kisha vilima vya Wisconsin na ng'ombe wadogo kama punje. Baada ya hapo Mzee aliniambia nishike usukani wa upande wangu, fimbo fupi katikati ya magoti, nami nikakaza kama ninayeshikilia chuma ndani ya sanduku, ndege ikaanza kuyumba. "Legeza," alisema. "Vidole viwili." Hilo ndilo somo pekee nililopata kinyume na la baba.

Kisha tukafika sehemu ambayo alikuwa ameisoma kwa wiki nzima. Wiki hiyo karibu ndege 10,000 hufika Oshkosh na viwanja vya jirani, na mnara wa kuongozea ndege wa pale huwa na kazi kuliko mwingine wowote duniani. Haiwezekani kila rubani aongee. Kwa hiyo utaratibu ni kunyamaza. Unafika juu ya mji wa Ripon, unaingia kwenye foleni, ndege moja nyuma ya nyingine, nusu maili katikati, mwendo wa noti 90, urefu wa futi 1,800, na unafuata reli. Reli ya kweli, ya treni, inayopita mashambani. Kazi yangu ilikuwa kutazama nje na kusema kila nilichokiona. Mbele yetu kulikuwa na ndege ya njano. Nyuma, nilipogeuka, kulikuwa na pua.

Reli inafika kwenye kijiji kiitwacho Fisk. Hapo, juu ya kilima, waongozaji wamekaa kwenye viti wakiwa na darubini, na wanakutambua kwa rangi na umbo. Redio ikasema: ya mabawa ya chini, nyeupe na buluu, tikisa mabawa. Hujibu kwa mdomo. Mzee alisukuma fimbo kushoto, kulia, kushoto, kwa nguvu, tumbo langu likabaki Ripon. "Mtikiso mzuri," redio ikasema, ikatupa njia ya kutua.

Njia yenyewe imepakwa nukta kubwa za rangi, na unaambiwa utue kwenye nukta fulani, kwa sababu ndege nyingine inatua kwenye nukta nyingine ya njia hiyohiyo wakati huohuo. Sisi tulipewa ya kijani. Mzee aliiweka pale magurudumu yakagusa mara mbili. "Karibuni Oshkosh," mnara ukasema, na sauti hiyo ikaanza kumshughulikia mwingine. Mzee alikuwa amelowa mgongo mzima.

*

Ndege za kujiundia zina uwanja wao, na waongoza maegesho hukuelekeza kwa bendera hadi kwenye nyasi zenu. Karibu elfu moja ya ndege hizo zilikuwa zimepangwa kwa safu. Nilidhani watu zaidi ya laki sita wanaohudhuria wiki ile wanakuja kutazama angani. Wengi hutazama angani, ni kweli. Jioni kuna maonyesho ya michezo ya hewani, moshi na ngurumo hadi kahawa inatetemeka kikombeni. Lakini kwenye safu zetu watu hutazama chini. Hatujamaliza kufunga kamba, mzee mmoja asiyetufahamu alipiga magoti, akalala chali kwenye nyasi, akajisukuma chini ya bawa kama fundi wa gari. Alikaa kimya dakika kadhaa. Kisha miguu yake ikasema: "Hapa ulitumia nini?" Mzee naye akalala chini. Wakabaki hivyo, miguu minne nje.

Siku nzima ilikuwa hivyo. Mtu anakuja, anapitisha kiganja bawani, anauliza kuhusu kitu cha ukubwa wa kucha. Wengine wanatoa maoni ambayo hayakuombwa. Mmoja alikosoa namna waya fulani ulivyofungwa, Mzee akakasirika, na alipoondoka Mzee akachukua koleo akaufunga upya.

Kuna mahema ya kufundishia. Mtu yeyote anaweza kuingia na kujaribu kuchomelea, kufunika bawa kwa kitambaa, au kupiga ribiti. Niliingia kwenye la bati. Mwalimu alitugawa wawili wawili na kunipa kipande cha chuma nishikilie. Ribiti ya kwanza ilipoisha aliitazama, akaipima kwa kibati chenye matundu, akaniuliza nimejifunza wapi.

"Kwa baba yangu."

"Anaunda ndege?"

"Masanduku ya wanafunzi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili. Akaniomba nihamie meza ya pili nikamwonyeshe kijana aliyekuwa anapindisha ribiti zake zote. Nilikaa pale saa mbili. Mkono ulikufa ganzi hadi begani.

*

Siku ya tatu mvua ilinyesha, tukaenda makumbusho. Yako kando ya uwanja huo, yalifunguliwa mwaka 1983, na ni ya chama hichohicho kinachoandaa mkusanyiko. Chama kilianza Januari 1953 mjini Milwaukee, na kiongozi wake alikuwa Paul Poberezny, rubani wa jeshi aliyependa kujiundia ndege nyumbani. Mwaka 1955 aliandika katika gazeti la mafundi namna ya kuunda ndege ndogo kwa chini ya dola 800, na barua zikamiminika. Mkusanyiko ukahamia Rockford mwaka 1959, ukaja Oshkosh mwaka 1970. Ofisi ya kwanza ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yake. Hayo niliyasoma haraka haraka, maana Mzee alikuwa na mahali anapopataka.

Alikaa kwenye benchi mbele ya ndege ya mashindano iitwayo Bonzo, ya miaka ya 1930. Ni kama injini kubwa iliyokumbuka dakika ya mwisho kwamba inahitaji mabawa. Aliyeiunda ni Steve Wittman, meneja wa uwanja huu kwa miaka mingi, ambao sasa una jina lake. Wittman ndiye aliyebuni miguu ya kutulia ya chuma bapa chenye kunesa, ambayo Cessna waliichukua na kuiweka chini ya ndege zao. Ukipanda ndege ndogo ya Cessna kwenda mbugani, huenda uko juu ya wazo lake.

"Alijua kuliko sisi sote," Mzee alisema. "Na unajua alivyokufa?"

Nilijua, nilikuwa nimesoma. Aprili 1995, akiwa na miaka 91, aliruka na mkewe Paula kutoka Florida kuja Oshkosh kwa ndege aliyoiunda mwenyewe. Juu ya Alabama kitambaa cha bawa, ambacho hakikuwa kimegandishwa vizuri kwenye mbao, kilibanduka. Bawa likaanza kutetema, ndege ikasambaratika. Wachunguzi walisema kosa lilikuwa katika ubandikaji.

Watoto wa shule walipita wakipiga kelele. Mzee alingoja wapite.

"Gundi haionekani," alisema. "Ukishafunika, umefunika. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema niaminini mimi, ni yule." Alinyoosha mguu unaomsumbua. "Ndiyo maana napiga picha."

Nilifikiri kuhusu baba na lile sanduku juu ya meza ya mhasibu. Siku zote nilikuwa nikilisimulia tukio lile kwa namna moja tu: kazi ipo mezani, wenye macho hawaoni. Bado nadhani walimkosea. Lakini sanduku lililofungwa halionyeshi ndani ya pembe zake, na mhasibu hakuwa na namna ya kujua kama ribiti za chini zimepondwa au zimepinda. Cheti kilikuwa njia yake ya uvivu ya kuuliza swali la kweli. Sijui kama nitaweza kuliandika hilo kwenye tasnifu bila baba kulisoma na kuninunia.

Kesho yake mnunuzi alikuja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, pamoja na mkewe. Nilitarajia akae ndani ya ndege, ashike fimbo, atabasamu. Alikaa kwenye kiti cha turubai kivulini mwa bawa na kusoma majalada manne, moja baada ya jingine, tangu asubuhi hadi saa nane. Alipofika kwenye Jumanne ile ya mwaka 1999 aliinua kichwa, akaomba aonyeshwe usukani wa mkia. Walikwenda wote watatu. Mke wa mnunuzi ndiye aliyepiga magoti.

Bei walikubaliana bila kubishana sana. Sharti la Mzee lilikuwa moja: kabla ya kuondoka nayo, mnunuzi aruke naye saa kumi, hata kama ana leseni ya miaka mingi. Kadi ya fundi haiuzwi pamoja na ndege. Mnunuzi hataweza kuitumia kutia saini ukaguzi wa mwaka. Mzee aliitoa kadi akaitazama, akairudisha kwenye pochi. "Fundi wa ndege ambayo si yangu," alisema, na kwenda kununua soseji.

Usiku, chini ya bawa, nilimrekodia baba ujumbe mrefu. Shikamoo, kisha majalada, picha kabla ya kufunga, yule mtu aliyelala kwenye nyasi. Sikutaja VETA. Jibu lilikuja nikiwa nimelala: marahaba, na swali.

"Muulize huyo mzee mwenzangu, akikosea tundu likawa kubwa, hufanyaje?"

Nilimuuliza asubuhi tukikunja hema. "Naweka ribiti ya namba inayofuata," alisema. "Yakiwa mawili yanafuatana, naacha kazi naenda kulala. Yakiwa matatu, natoa bati zima."

Nilimtafsiria baba. Alicheka kwenye simu, kile kicheko chake cha puani, akasema basi huyo ni fundi.

Septemba alianza kunitumia picha. Hakueleza ni za nini. Ni ndani ya masanduku kabla kifuniko hakijafungwa, pembe zote nne, mkono wa mwanafunzi wake ukishikilia tochi. Za mwanzoni zilikuwa na giza. Ya wiki iliyopita ina rula imelazwa kando ya ribiti, na nilipoikuza niliona ni rula yangu ya kidato cha pili, jina limekwaruzwa kwa bikari. Umbali kati ya ribiti ni sentimita tatu, kote. Kuhusu kupimwa hajasema lolote, nami sijamuuliza.